Kipande cha Yaya Ngoie

Jumatatu, 7 Machi 1983
Maabara leo: vipimo vya choo kumi na moja, vya damu sita. Minyoo tele, kama kawaida. Salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi, imeniachia kiuno kibovu. Kesho wanampasua Yaya Ngoie, dada yangu aliyenilea. Saratani ya titi imerudi, safari hii kwapani, na huku anameza vidonge mwaka wa pili. Naogopa.

Jumanne, 8 Machi
Uvimbe wameutoa wote. Daktari amenieleza: vidonge hufanya kazi kwa kukalia vipokezi vya homoni ndani ya saratani. Huenda vipokezi vimebadilika, havisikii dawa tena. Kama ndivyo, aanze sindano kali. Kama havijabadilika, ipo dawa nyingine ya homoni, isiyotesa. Kipimo hufanyika Ubelgiji. Kipande cha uvimbe kimo kwenye friji ya maabara yangu, kigande mpaka ndege ya Alhamisi.

Jumatano, 9 Machi
Umeme umekatika tangu asubuhi. Saa tisa barafu ya friji ikaanza kuyeyuka. Nikaona nyama ya dada yangu inaniozea mikononi. Nikaitia kwenye formoli. Kila nyama inayotoka chumba cha upasuaji naiweka humo, miaka kumi na miwili sasa, na haijaoza hata moja. Nimerudi nyumbani Katuba nimetulia.

Alhamisi, 10 Machi
Mjinga mimi. Formoli huharibu vipokezi. Darubini itaiona saratani, lakini hakuna atakayejua kama vipokezi vimebadilika. Kipande kingine hakipo. Daktari hakunigombeza. Alisema tu, "Citoyen, kule ku buvette glace iko."
Kweli. Baa ya ng'ambo ya barabara ina friji ya mafuta ya taa, barafu haikosekani. Nakunywa bia pale kila mwisho wa mwezi.

Jumamosi, 12 Machi
Sikwenda salongo. Daktari ameamua kubahatisha: sindano, kuanzia Jumatatu. Najichukia. Nilimwambia mke wangu tu. Yaya sijamwambia. Nimefika mlangoni kwake mara mbili, nikageuka.

Jumapili, 27 Machi
Sindano imemwangusha. Anatapika. Nywele zinabaki kwenye mto. Labda ilibidi, labda hapana.
Baada ya misa majirani walikuja na bukari, ugali wetu, na samaki. Yaya hakula. Aliinuka kidogo, akawaambia, "Mudogo wangu iko mu labo. Yeye mwenyewe njo alichunga nyama yangu."
Wakanishukuru, mmoja mmoja. Nikawamiminia chai.