Meno ya Mama na Maji ya Mogitu

Masasi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi jikoni na uji mkononi, si kitandani. Mimi ni mzima wa mwili, moyo ndio haujatulia. Mahindi yamekomaa? Na yule ndama mwekundu, amepona?

Mama, mdogo wangu Fausta ameniandikia kwamba umeacha dawa za sukari kwa sababu unaona ndizo zinazoyafanya meno yako kuwa meusi. Tangu hapo chakula hakinipiti. Juzi niliingia darasa lisilo langu na kuanza kufundisha, watoto wakanitazama tu.

Najua kinachokuuma. Ulitoka Maretadu ukaolewa hapo Mogitu na meno yako meupe, ukawatania mashangazi zangu miaka yote: "Ninyi maji ya kisima chenu yamewaunguza meno." Sasa nasikia wanakujibu, "Karibu kwenye ukoo, wifi, umekuwa wetu." Ndiyo maana hata kwaya huimbi? Mama, utani wa mawifi ndio wa kukuua?

Mimi nina meno ya kahawia tangu utoto, kwa maji hayohayo. Nilipofika huku kusini waliniuliza kama navuta tumbaku, nikaenda kulia chumbani. Lakini wewe ulishaniambia, "Cheka, binti yangu, meno ni ya kulia chakula." Neno lako nakurudishia.

Nilimwendea daktari wa huku. Alisema, "Mwalimu, zipo dawa zinazobadili rangi ya meno, na mara nyingi husafishika. Aende hospitali wamwangalie, dawa ikibidi watambadilishia. Ila asiache mwenyewe. Sukari ikiharibu macho, hatuna cha kuyasafishia."

Naogopa, Mama. Simu ikilia ofisini kwa mwalimu mkuu, naacha chaki nakimbilia mlangoni. Huku ni mbali, nikiitwa nitakuta wameshakuzika.

Fausta, wewe unayemsomea, simama hapa. Mpe chakula, kisha maji na kidonge chake.

Mama, msalimie Baba, yeye ndiye wa kumpeleka hospitali. Mashangazi wote wawili wasalimie pia, waambie utani upumzike mpaka nije likizo. Nikija nataka unipokee ukicheka mdomo wazi, meno yawe na rangi yoyote.

Ni mimi binti yako mwenye meno ya Mogitu,
Paulina

Fausta, kama bado hajameza, rudia kumsomea tangu mwanzo.