Miti ya Shamba la Juu

Tarehe 3 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, ni mgongo tu unaonisumbua, maana kiwandani tuna oda kubwa ya vijumba. Kifua chako kimepoa? Na Shangazi, bado anagombana na kuku wake?

Nilikuambia huku tunatengeneza nyumba ndogo za mbao. Kitanda, jiko na choo, vyote vinaenea kwenye nafasi ya chumba chako cha kulala. Sikukuambia nani anazipanga. Matajiri, Mama! Mtu ana nyumba ya vyumba vinane, na bado analipa kwenda kulala siku mbili ndani ya kisanduku, mradi dirisha litazame shamba na maji. Wakiona ng'ombe wanampiga picha. Nilicheka sana, halafu nikaacha kucheka, nikaanza kufikiri.

Sisi tuna shamba la juu. Tukikata ile miti ya ukingoni, mto wote utaonekana. Msimamizi wangu, tunamwita Miwani, anatafuta pa kuwekeza. Yeye ataleta vijumba vitano vya kupangisha, mimi nitaleta ardhi, na ardhi yenyewe inapanda thamani hata tukiwa tumelala. Nakala ya hati ya marehemu Baba ninayo, na imeandikwa wazi kwamba shamba la juu ni letu. Miaka sita najenga nyumba za watu, Mama. Nataka na mimi niwe na zangu.

Nipe baraka zako.

Mwanao

* * *

Tarehe 26 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Kifua kimepoa. Shangazi yako hajambo, na kuku mmoja amemshinda kabisa, sasa anataga kitandani kwake.

Nimefurahi kusikia una mipango. Lakini shamba la juu analima Shangazi yako, na nyumba yake iko hapo hapo. Ile miti usiiguse. Weka vijumba vyako shamba la chini ninakolima mimi. Huko wageni wako watanawa uso mtoni bila kutoka kitandani.

Usimwandikie Shangazi habari hizi.

Mama yako

* * *

Tarehe 12 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi mwili mzima, roho ndiyo iko juu.

Shamba la chini haliwezekani. Masika ikiwa kubwa maji yanapanda mpaka kwenye mahindi, wewe mwenyewe unajua. Nani atalipa ili aogeleshwe usingizini? Halafu nimeisoma hati tena. Kwa maandishi, la juu ni la Baba na la chini ni la Shangazi. Kwa hiyo nyote wawili mnalima pasipo penu! Kila mtu akirudi kwenye chake, nani ameonewa? Nitamjengea Shangazi nyumba nyingine, nzuri kuliko ile.

Sasa nikuambie ukweli, usinikasirikie. Nimeshatia saini na Miwani. Mpima ardhi atakuja tarehe kumi Aprili kuweka vigingi na kufungua upande wa mto. Nilitaka kukuuliza kwanza, lakini Miwani alikuwa na mtu mwingine mwenye shamba, na nikiikosa nafasi hii sipati nyingine. Zungumza na Shangazi kwa ule ulimi wako mtamu.

Mwanao

* * *

Tarehe 30 Machi

Mwanangu,

Salamu nitazileta siku nyingine. Nimepanda kilimani mara tatu kukupigia simu, na mara tatu sauti imekatika. Barua hii nimempa dereva wa lori anayekwenda mjini, aitie posta huko, ifike upesi. Kaa chini uisome.

Ulikuwa na miaka miwili. Shangazi yako alikuwa na binti wa miaka sita, mtoto wake wa pekee. Wakati huo shamba la chini lilikuwa lake. Asubuhi moja alikwenda naye kupalilia, akamkalisha kivulini. Alipogeuka, mtoto hayupo. Walimpata siku ya pili, mtoni.

Baada ya hapo Shangazi yako hakuweza kushika jembe kule. Akisikia maji tu, anageuka kurudi nyumbani. Baba yako akamwambia, njoo juu, mimi nitashuka. Hawakwenda kwa mwanasheria. Walishikana mikono mlangoni, basi, yakaisha. Ile miti aliipanda Shangazi mwenyewe mwaka ule ule, kwa kusogeza mche karibu na mche, ili akifungua mlango asiuone mto. Imemchukua miaka mingi kuwa na ukuta ule.

Hakuna aliyekuambia, kwa sababu kila mtu mzima hapa anajua, na wasiojua walikuwa watoto. Mbele ya watoto tuliapa kutolitaja. Hilo ni kosa letu, si lako. Lakini ukiendelea baada ya kusoma hapa, litakuwa lako peke yako. Mzuie huyo mpima. Fanya upesi, mwanangu, nakuomba.

Mama yako

* * *

Tarehe 19 Aprili

Mama,

Barua yako nimeipata juzi. Muhuri wa posta ya huko ni wa tarehe kumi na moja. Huyo dereva sijui aliilalia au vipi. Niliisoma nikiwa nimesimama kwenye foleni ya kuingia kazini, nikatoka kwenye foleni nikaenda kukaa nyuma ya mbao.

Nimemwambia Miwani shamba si langu. Ameniita tapeli mbele ya mafundi wote, na kabla ya chakula cha mchana nikawa sina kazi. Hata hivyo mkataba ameuchana, nimeuona kwa macho yangu. Mpima ardhi nimempigia mpaka vidole vimechoka, simu imezimwa. Nasali kwamba gari liliharibika njiani, au aliugua, au alikula fedha akakimbia. Sijawahi kumwombea mtu awe mwizi mpaka leo.

Mama, sikujua. Naandika hivi nikiona haya, maana ningeuliza ningejua. Niambie miti imesimama. Niambie Shangazi hajasikia lolote.

Mwanao

* * *

Tarehe 8 Mei

Mwanangu,

Barua yako imefika. Pole kwa kazi.

Mpima alikuja siku ile ile uliyoitaja, na vijana wanne na misumeno. Nilisimama mbele ya mti wa kwanza nikashika shina. Wakanionyesha saini yako. Nikawaambia hiyo saini nimeifundisha mimi, wakacheka, wakaanza upande wa pili. Kabla ya adhuhuri hapakubaki hata mmoja. Shangazi yako alikuwa mlangoni muda wote. Hakulia wala hakumtukana mtu. Aliutazama tu mto, mara ya kwanza tangu wewe ukiwa mgongoni mwangu.

Kesho yake alishuka kwangu na jembe begani. Akasema, "Wifi, karatasi ni karatasi. Nipe shamba langu, uchukue lako." Nilimsihi, nikapiga magoti. Akanijibu kwamba kama ni kuyaona maji, heri ayaone akiwa kazini kuliko akiwa amekaa mlangoni anayangoja.

Barua yako nimemsomea kule kule shambani. Vigingi nimeving'oa mwenyewe, nimemwambia shamba la juu ni lake mpaka afe, na kesho twende kwa mwanasheria tuliandike. Akasema, "Mwambie kijana sina kinyongo naye." Kisha akarudi kulima. Hasemi uongo, hana kinyongo. Lakini juu hapandi tena, analala kwangu, na usiku hafungi macho. Analima hatua chache kutoka ukingoni, akiyapa maji mgongo, na kila baada ya tuta moja anasimama, ameegemea jembe.

Usitume miche. Usitume fedha. Njoo wewe.

Mpaka utakapofika, mimi sina kazi nyingine. Kila asubuhi nachukua kigoda changu nakwenda kukaa pale ukingoni, kati yake na mto, ili akigeuka ghafla anione mimi kwanza.

Mama yako