"Sawa" ya Mama Mkubwa Wakesho

Jumatatu, 4 Machi 1974

Dakta Mwandawiro ameiambia kamati ya vitabu: Kisagalla na Kidawida ni lugha moja, maneno mengi ni sawa, kitabu kimoja cha darasa la kwanza kinatosha. Yaani watoto wetu wa Sagalla waanze kusoma kwa lugha ya jirani! Nikauliza: umehesabu vipi? Akacheka — Mwalimu, hiyo ni kazi ya wataalamu. Mtaalamu gani anayeficha njia aliyopitia? Sikunyamaza mpaka mwenyekiti akaamuru nipewe kadi za maneno za Dakta.

Jumatano, 6 Machi

Nimepanda mlimani Sagalla. Nikamwuliza mama mkubwa Wakesho vilevile alivyoulizwa na msaidizi wa Dakta aliyejaza kadi: "Hili na lile, ni sawa?" — "Sawa, mwanangu." Jingine? "Sawa." Nikamtupia maneno mawili yasiyojuana kabisa. "Sawa!"

Mama, yanafanana kweli? Akanishangaa. Yafanane wapi! Amesema sawa, yaani amenisikia, niendelee, maharagwe yanaungua.

Lo! Adabu ya mama mkubwa imegeuzwa ushahidi!

Alhamisi, 7 Machi

Nimeuliza upya, nyumba kwa nyumba: wewe hiki unakiitaje? Nimehesabu. Yanayofanana hayafiki nusu. Kanuni zangu nimeziandika, mtu yeyote azifuate.

Ijumaa, 8 Machi

Voi, kikaoni. Dakta kanirukia: wewe Msagalla, jibu ulikuwa nalo kabla ya kuhesabu! Limeniuma — kwa sababu si upuuzi. Basi, nikasema, kadi na kanuni zangu apewe Bi. Nzembi, karani wa kamati. Mkamba, hajui hata lugha moja kati ya hizi. Ahesabu peke yake. Akipata jibu langu, vitabu viwili. Asipopata, kimoja, na mimi nafunga mdomo. Wamekubali.

Sasa yuko chumba cha pili. Sisi tuko barazani, tunangoja. Na hapa ndipo nimekumbuka — meza, sahani, kitabu! Maneno ya Kiswahili yaliyoingia kote kuwili. Mimi niliyaweka kando, sikuyahesabu; akiyahesabu yeye, jibu litakuwa jingine. Kwenye kanuni sikuandika.

Nzembi ametoa kichwa dirishani. "Mwalimu, hizi za meza na sahani niweke wapi?"

"Fuata kanuni."

"Hakuna mahali imeandikwa."

Dakta ameegemea nguzo, anatabasamu. "Mwambie tu, Mwalimu. Si wewe ndiye mtaalamu?"

Neno moja tu, Nzembi atapata jibu langu. Langu — si lake.

Kamati yote imenigeukia. Nzembi bado yuko dirishani. Naandika ili mdomo usijibu.