Pete ya Ningu

Kisaki, penye kivuko cha Mto Mgeta

Mke wangu, Mama Agata,

Mwalimu wa misheni atakayekusomea barua hii namwomba asome polepole, maana nimeiandika polepole. Hujambo? Agata wetu hajambo? Mimi ni mzima, ila joto la huku bondeni linanifanya niote ukungu wa kwetu hata nikiwa macho.

Kazi yangu unaijua nusu, na hiyo nusu uliicheka. Bwana Mdachi anataka kujua samaki wanakwenda wapi. Tunawavua ningu kwa wavu, tunawatia pezini pete ndogo ya shaba yenye namba, kisha tunawaachia. Kila asubuhi natumbukiza mtoni kioo cha kupimia joto, natazama maji yamefika alama ya ngapi kwenye mti tuliousimika, naandika daftarini: maji baridi, maji mekundu. Yakiwa mekundu najua ni udongo wa mashamba yetu unapita. Huwa natia mkono nikakaa hivyo, mpaka Bwana aniite.

Nilimwambia ningu hupanda milimani maji yakiwa mekundu, kwetu kila mtoto anajua. Akasema, "Maneno si pete. Pete moja ikionekana huko juu, utaifuata wewe. Kabla ya hapo hakuna ruhusa." Ndiyo maana mtoto amezaliwa, amekaa, ameota meno, nami sijamwona. Basi kila samaki niliyemwachia nilimnong'oneza, "Ukifika, wasalimie." Sikudanganyi, niliwaambia wote.

Halafu akaja yule mchukuzi wa tumbaku na habari zako: mama mkwe wangu, mama yako, amevua ningu mwenye pete, akasema wazee waliotangulia wamemletea mjukuu zawadi, akamfunga mtoto pete hiyo mkononi kwa uzi mweusi, padri asijue. (Mwalimu, hilo libaki kati yetu.) Nilicheka, kisha nikalia mbele ya mchukuzi wa watu.

Bwana alifurahi hata akanishika mkono. "Nenda ukaniletee."

Nikamwambia haiwezekani. Alichofunga mama mkwe, mkwe hakifungui. Hata kumtazama usoni siwezi, seuze kumdai.

"Lakini mtoto ni wako."

"Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, Bwana. Mimi nimeoa tu."

Aliweka kalamu chini akanirudisha mtoni. Siku tatu hakusema nami, nami nikajiona mjinga niliyejifungia mlango kwa mkono wangu mwenyewe. Usiku na mchana nilikuwa nawaza huo mkono mdogo, na mimi niko huku na samaki.

Jana maji yalipungua, kivuko kikapitika. Bwana akaniita, akanipa daftari jipya. "Pete ikae. Kasome namba, uandike na mahali samaki alipovuliwa." Amenipa siku kumi na mbili, kwenda na kurudi.

Mpe mama yangu shikamoo yangu, mwambie nimekonda lakini si sana. Msalimie kaka yako, mjomba wa mtoto, kwa kuwa ndiye nitakayemwomba idhini. Na mama mkwe mfikishie heshima zangu zote. Asiwe na wasiwasi, sitaifungua. Naomba tu nipewe huo mkono niushike, nisome. Namba zile ni ndogo, na mimi ni msomaji wa polepole.

Mumeo aliye njiani,
Klementi