Kuhusu Karani, na Yule Mtoto wa Mbwa Unayemtaka

Nyumba ya kona,
Nyuma ya karakana ya magari.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kijiti,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu, na huyo binti yetu ambaye sasa, naambiwa, anapanda kila kitu mpaka kabati. Kile kifua chako kimepona? Sisi hatujambo. Goti la Baba linamsumbua kukiwa na baridi, shemeji yako bado anakoroma, na mimi nashona kama kawaida.

Barua yako niliisoma mara mbili, kisha nikamsomea Baba. Nimeelewa kwamba mwenye mbwa anataka jibu kabla mwezi haujaisha, na kwamba mtoto mwenyewe ni wa mbegu ileile ya kuchunga kondoo, mweusi mwenye shingo nyeupe, kama Karani wetu. Unaniuliza kama atawafaa. Nitakujibu, ila usininunie.

Najua Karani unamkumbuka, lakini unakumbuka nusu tu. Baba alimpa jina hilo kwa sababu hakuna kilichomponyoka katika hesabu. Kila jioni aliwaingiza kondoo kumi na mmoja zizini, halafu akatugeukia sisi. Hakugusa chakula mpaka wote tuwe ndani. Siku ile ulipojificha nyuma ya pipa la maji kukwepa kuoga, alikusukuma kwa pua hadi mlangoni, nawe umefura kwa hasira. Kisha zile kucha zake kwenye sakafu ya saruji, akipita chumba hadi chumba kuhakikisha. Naikumbuka sana sauti ile.

Sasa tuje kwenye nyumba yako. Ghorofa ya nne. Wewe unashinda ukitengeneza lifti za watu, wifi anauguza wagonjwa kwa zamu, mtoto yuko chekechea. Mbwa wa mbegu ile hatosheki kwa kuzungushwa mtaani robo saa. Anataka kukimbia asubuhi na jioni, jua au mvua, na akirudi bado kichwa chake kinadai kazi. Usipompa, atajitafutia. Atamchunga binti yako hapo sebuleni, na akikaidi atamgusa kisigino kwa meno, si kwa ubaya, ndivyo alivyoumbwa. Atabwekea kila baiskeli inayopita chini mpaka majirani waje kugonga mlango.

Haya sikuyasoma popote, niliyaona. Na hapa sina budi kukuomba radhi.

Ulipokuwa chuo cha ufundi tulikuandikia kwamba Karani amekufa kwa uzee. Si kweli. Barua ile niliiandika mimi, Baba akiwa amenipa mgongo. Ulipoondoka, goti lake lilikuwa limeshakataa kupanda kilima, na kondoo wakaenda kwa watu wengine. Karani akabaki hana kazi. Kwanza alichunga kuku wa jirani mpaka wakaacha kutaga. Kisha akahamia kwa wateja wangu. Mtu akija kupimwa gauni, hatoki mpaka nimshike mbwa. Mwishowe akawa anazunguka uani, duara lilelile, hadi nyasi zikaisha pakabaki kijia cha udongo. Kila jioni alituhesabu, akakuta mmoja hayupo, akaanza upya. Nilikuwa nafunga dirisha nisimwone.

Baba alivumilia miezi mitatu. Asubuhi moja alimfunga kamba, akampeleka kwa mfugaji wa ng'ambo ya kilima, mwenye kondoo wengi. Aliporudi aliniambia, "Mwandikie Kijiti kwamba amekufa. Akijua yuko hai, ataacha masomo aje kumchukua." Nikaandika. Uongo huo nimeubeba miaka kumi na tisa, na haujawahi kuwa mwepesi. Nisamehe, mdogo wangu.

Karani aliishi huko miaka mitano zaidi. Najua kwa sababu Baba alikuwa akienda kumwangalia, na goti lake hilohilo. Mara moja nilimsindikiza. Hakusogea karibu. Alisimama nyuma ya ukuta wa mawe, upande ambao upepo haukupeleka harufu yetu, akachungulia. Karani alikuwa amekonda, anang'aa, anawazunguka kondoo utadhani kijana. Nilitaka kumwita, Baba akanishika mkono.

"Muache," akasema. "Akituona ataacha kazi yake. Halafu sisi tutampa nini?"

Tukakaa pale mpaka mguu wake ukachoka. Njia nzima ya kurudi alijipangusa macho akisingizia vumbi.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana. Ungekuwa na uwanja, na mtu wa kushinda naye, ningekwambia mchukue leo. Muache aende kwa mwenye mifugo. Nadhani unachokitaka hasa ni zile jioni zetu, na hizo hata mimi nazitaka.

Jambo moja limebaki. Umelalamika kwamba Baba hataki kuongea nawe kwenye simu, kwamba huenda ana kinyongo tangu ulipoondoka. Nilipomsomea maneno hayo aliinuka akatoka uani. Kijiti, kila unapopiga, yeye huvuta kiti karibu na mlango wa chumba changu akasikiliza mpaka mwisho. Nikimnyooshea simu anatikisa kichwa, anasema nisikupotezee muda, uko kazini. Miaka yote nilidhani ni ukaidi. Juzi, na barua yako mkononi, ndipo nilipoelewa. Baba amesimama nyuma ya ukuta.

Shemeji yako anakusalimu. Msalimie sana wifi, na umwambie binti shangazi yake anamshonea gauni, anitumie vipimo. Mungu awatunze na kuwapa usingizi mwema.

Na likizo yako ikifika, waache hao wenye lifti wapande ngazi. Usipige simu kwanza. Ingia tu jioni, Baba akuhesabu.

Ni mimi nikupendaye, hata ukininunia,

Dada yako.