Mulango Yenye Sikufungaka

Papa Neema, mume wangu,

Nakuandikia juu ya mulango yetu. Kama ungekuwa hapa Kalembe ungenigombeza kwanza, kisha njo tungekula.

Ulikufia Walikale, kule ulienda kutafuta mbao, na wakakuzika kule kule mbele habari inifikie. Sikuona mwili, sikuona kaburi. Watu wakakuja kulia pamoja na mimi, mulango ikabaki wazi siku zote za kilio, vile tunafanyaka. Kisha wakatosha kilio, matanga ikaisha, wakarudi kulima maharagi yao. Mimi sikufunga. Mwaka muzima, Papa Neema! Asubuhi mpaka jioni iko wazi, na wakati ya kulala nairudisha tu bila komeo. Nilijisemea: atafika na mbao yake kichwani, namna gani akute kumefungwa?

Na wewe ulifanya ifungukie inje, juu nyumba iko ndogo. Basi kila siku upande ya ndani njo ilikuwa inaangalia jua. Ile ya inje, yenye ulipakaaka mafuta na udongo nyekundu, ikakaa kivulini kwenye ukuta. Ulinifundisha wewe mwenyewe: "Mafuta bila udongo, jua inaikunywa." Lakini ndani hukupakaa hata tone. Nani angejua muke wako atakuwa mupumbavu vile?

Ndani ikakuwa rangi ya majivu, ikapasuka-pasuka. Mbao ikakauka upande moja, ikapinda. Mvua ya kwanza kisha kiangazi ilipokuja na upepo, nikavuta mulango, ikakataa kuingia mu fremu. Maji ikafika mpaka kitandani. Bahati, mudogo wako, akacheka: "Mama Neema, tuipasule kuni, nikuwekee ya mabati." Nilimukasirikia! Nikamwambia aende apasule ya kwake. Maskini, akanisaidia kuitosha kwenye bawaba.

Nikafanya vile nilikuonaka ukifanya. Nikakata majani mabichi, nikalalisha ile upande iliyokauka juu yake, kivulini, nikaweka mawe. Siku tatu. Kwenye mulango nilitundika mukeka tu. Mutoto wetu Neema aliolewa Ngungu, nyumba iko kimya, na mimi nimekaa naangalia ile shimo. Hakuna kitu ya kufungua, hakuna ya kufunga. Njo nikalia, kilio yenye sikulia hata mbele ya watu. Nikasema kwa sauti: hatakuja. Ilikuwa mara ya kwanza kuyasema.

Siku ya nne mbao ilikuwa imenyooka. Nikakwangua majivu na kipande ya chupa, nikajikata vidole, mama we! Nikachunga udongo mu kitambaa, nikauchanganya na ile mafuta ya mbao uliacha mu bidon, ile dumu yako. Nilitaka kumwanga nyingi nimalize haraka, nikakukumbuka: "Kidogo, Mama Neema, kisha upanguse. Hii haiko sombe ya kumwangia mafuta mu chungu." Nikacheka peke yangu kama mwenda wazimu. Nilipakaa mara tatu, na kila mara nikangoja ikauke.

Jana Bahati alinisaidia kuirudisha. Alipoenda nikavuta mulango, ikaingia mu fremu bila kelele, nikatia komeo. Ndani kukabaki giza na harufu ya ile mafuta, harufu ya koti yako ya kazi. Nilikaa chini hapo hapo mulangoni.

Nakuahidi, kila mwezi ya jua nitapakaa pande zote mbili. Na njia ikikauka, mimi na Neema tutashuka Walikale, watuonyeshe pahali walikulalisha. Mimi njo nitakuja kwako. Wewe usisumbuke tena na safari.

Pumuzika, Papa Neema. Jua inazama, naenda kufunga mulango.

Muke wako,
Mama Neema