Moto wa Shangazi

3 Juni

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limepunguza kelele zake, na fundi cherehani wa jirani bado anakuletea umbea wa asubuhi. Mimi ni mzima wa mwili; roho ndiyo haitulii. Nimeketi kuandika, nikainuka, nikafuta meza ambayo ilikuwa imekwisha kufutwa, nikaketi tena.

Nitalisema linalonisumbua. Kaka, mwanao wa kuzaa, ameniandikia. Kaka anasema sufuria ya sukari iliungua mpaka ikatoboka, majirani wakavunja mlango, wakakukuta chumbani unasikiliza redio. Anataka kukuhamishia kwake ghorofani, ambako jiko ni la mkewe, na wewe hutaruhusiwa kuwasha moto. Lakini anaogopa kuamua peke yake, kwa hiyo ameniachia mimi neno la mwisho, eti kwa kuwa ulinilea na kwa kuwa sina pupa. Hajui kwamba asiye na pupa mara nyingi ni mtu asiyejua la kufanya.

Kabla sijamjibu nina ombi. Nifundishe vile vitonge vyako vya chokoleti na karameli. Niandikie hatua zote, kama unavyomwandikia mtu ambaye hajawahi kushika mwiko, maana ndivyo nilivyo.

Mwanao


11 Juni

Mwalimu,

Marahaba. Mimi mzima, goti ndilo gonjwa. Fundi cherehani anakusalimu, anasema kwenye ile picha uliyonitumia umenenepa.

Sasa usinizunguke. Ulikua jikoni kwangu na pua kitabuni. Nikikwambia shika mwiko, unasema “nimalize ukurasa”. Leo ghafla roho imependa vitonge? Unanipima wewe. Nikikosea hatua umwambie Kaka yako mama kachoka. Haya, nipime. Na ile sufuria, kuna mtu alinipigia simu tukaongea, basi. Nani hajawahi kuunguza?

Sikiliza. Sukari kavu, sufuria nzito, moto mdogo. Usiikoroge! Najua mikono yako haina breki, ikunje mgongoni. Sukari ukiichokonoa inakasirika, inarudi kuwa changarawe. Wewe tikisa sufuria tu, iyeyuke kwa hiari yake. Ikifika rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na harufu yake ikawa tamu yenye uchungu wa mbali, epua. Mimina krimu kidogo kidogo huku unakoroga, hapo sasa una ruhusa. Tia siagi na chumvi ya ncha za vidole. Mwaga vyote juu ya chokoleti uliyoikatakata, halafu usiguse. Kumbuka dhambi zako kwanza. Ukizimaliza, koroga kuanzia katikati mpaka ing'ae. Ikipoa iingize kwenye friji, ikaze kama udongo wa mfinyanzi. Nawa maji baridi, jifute, viringa vitonge, vigaagaze kwenye unga wa kakao. Kwisha.

Mwambie Kaka yako nimefaulu.

Shangazi yako


20 Juni

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Goti linasemaje? Mimi sijambo, isipokuwa kifundo cha mkono wa kushoto kimefungwa bandeji. Usishtuke, kidonda si kikubwa.

Nilifuata barua yako neno kwa neno. Nilikunja mikono mgongoni, nikateseka, sukari ikayeyuka bila msaada wangu. Nilipomimina krimu, sufuria ilifoka kama paka aliyekanyagwa mkia, mvuke ukanipanda mkononi, na sukari ikajifunga kuwa bonge moja ambalo mwiko wangu umo ndani yake hadi leo. Mwalimu mwenzangu wa ofisi ya pili, mkemia, alicheka mpaka akavua miwani. “Krimu ya friji kwenye sukari ya moto namna hiyo? Hata anayeanza leo huambiwa aipashe kwanza!”

Nimeisoma barua yako tena na tena. Hukuniambia.

Huenda ulisahau. Huenda ulidhani najua. Huenda mtu mwenye akili zake angeng'amua mwenyewe. Nikiegemea la kwanza, nahisi namsaliti aliyenilea; nikiegemea la pili, nahisi najidanganya kwa sababu nakupenda. Sipendi kuamua maisha ya mtu kwa ushahidi wa kikombe cha krimu, na bado ndio ushahidi nilio nao. Kaka anauliza kila siku. Shangazi, ulisahau?

Nijibu upesi.

Mwanao


9 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Hujambo? Nauliza si kwa desturi tu.

Hujaandika, na simu huishiki. Kaka amepiga kwa fundi cherehani, akajibiwa, “Yuko kazini, asisumbuliwe,” kisha akakatiwa. Kazi gani hiyo ya kuficha? Mimi kazi yangu imekuwa kutembea kati ya dirisha na sinki.

Jana nilimpa Kaka neno: mchukue. Ujumbe ulipoondoka tu nilitamani kuurudisha. Lakini mtu kutamani kulirudisha neno lake si ushahidi kwamba neno lilikuwa baya. Atakuja Jumamosi na gari la mizigo. Nimeona ulijue kutoka kwangu.

Mwanao


14 Julai

Msaliti mdogo,

Marahaba. Gari limetangulia, barua yako imefuata, kama mgeni anayepiga hodi akiwa ameshakaa kitini. Kaka yako kapakia masanduku ya nguo. Alipozifikia sufuria nikaketi kizingitini pa jikoni, nikamwambia, “Haya, mruke mama yako.” Hakuruka. Kaondoka na nguo zangu zote, nimebaki na sufuria na gauni nililovaa. Anasema anangoja neno lako la pili.

Sikukujibu kwa sababu niliogopa. Uliposema krimu hupashwa moto, niliitafuta hatua hiyo kichwani sikuiona. Haimo kabisa. Nikasema moyoni, basi ndiyo imeanza. Nikamwita fundi. Nikamwambia, “Kaa hapo, mimi napika, wewe tangaza kila ninachofanya, kama mpira wa redioni.” Naye kwa kelele hajambo. Akatangaza: anateleka birika, anajikuna, anamimina sukari, ananitukana. Siku nzima ya kwanza hatukuona kitu. Tukarudia, tukarudia. Mwisho akasema, “Na hicho kikombe cha krimu, mbona kila mara unakiweka juu ya kifuniko cha birika?”

Mwanangu, nilikigusa kile kikombe: cha moto. Sijawahi kupika vitonge bila kujitelekea chai kwanza, na kikombe hukaa pale tangu ujana wangu. Krimu yangu haijawahi kuwa ya baridi hata siku moja. Sasa ningekuandikiaje jambo ambalo mikono inalifanya bila kuniambia?

Hiyo ni alama yangu, iandike. Halafu andika na hii. Siku ile ya sufuria hakuna mtu aliyenipigia simu. Nilisahau. Sikusahau sufuria, nilisahau kwamba napika.

Haya, amua.

Shangazi yako


22 Julai

Shangazi mpenzi,

Shikamoo, wewe na goti lako. Nilicheka kwa ajili ya birika na nikalia kwa ajili ya sufuria, na sijui kipi kilistahili kutangulia.

Nimepika tena, krimu ikiwa ya moto. Vitonge vyangu vimetoka na pembe, ufundi wa kuviringa sina, lakini mkemia amekula mpaka akaanza kuniheshimu.

Nimemwandikia Kaka kwamba nalifuta neno langu, na kwamba sina jingine la kuweka mahali pake. Amekasirika, na inawezekana ana haki. Ni yeye atakayeamshwa na majirani, si mimi niliye mbali. Nilidhani nikikusanya dalili za kutosha jibu lingejitokeza lenyewe. Sasa nashuku kwamba dalili zilikuwa njia yangu ya kukwepa jambo jepesi zaidi. Kaka hakukuuliza. Mimi nilikutahini, nikadhani nimekuuliza.

Kwa hiyo nauliza: wewe unataka nini?

Mwanao


30 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Nguo zimerudi, zimepigwa pasi. Mkwe wangu ana mkono mzuri, sema usimwambie.

Swali lako lilinizungusha nyumba nzima. Jibu ni kwamba nataka moto wangu. Nauogopa pia, yote mawili kwa pamoja. Nitapika fundi akiwepo. Mashine yake tumeihamishia sebuleni kwangu, kelele zake zitaniua kabla ya moto.

Na nakupa ahadi. Nikisahau tena, wa kwanza kukwambia ni mimi mwenyewe. Usingoje kusikia kwa Kaka yako wala kwa jirani. Siku hiyo sitabishana na mtu. Ila mpaka ifike, mniache.

Shangazi yako


6 Novemba

Mwanangu,

Salamu tutapeana ukifika.

Jana asubuhi fundi alikwenda kununua uzi, hakukawia. Mimi nilikuwa kibarazani nakunja maboksi ya vitonge nilivyoagizwa kwa ajili ya harusi. Alirudi mbio, akazima jiko. Hakuna kilichoungua ila sufuria ndogo. Ameapa hatasema, nami nimemwambia asijisumbue kuapa, habari hii ni yangu, naitoa mwenyewe kama nilivyosema.

Njoo na gari, lakini uje wewe. Sufuria nimeziosha na kuzifunga kwenye magazeti. Atakayezitaka ni wewe, mkwe wangu ana zake. Kaka yako nitamwandikia nikishabandika stempu kwenye hii.

Nisikilize, moto wenyewe hauniumi sana. Kinachoniuma ni kwamba ile harufu niliisikia. Niliisikia vizuri, nikiwa nakunja boksi, nikacheka peke yangu. Nikasema, maskini, ni jirani gani huyu anayeunguza sukari asubuhi yote hii?

Shangazi yako